Kilicho Chini ya Kiboksi Cheusi

Siku ile ingali mbichi kichwani mwangu, mwanangu, na kila nikiwaona nyinyi mnavyorushiana steitimenti za benki kwa simu kama mnavyotumiana salamu, naiona upya. Mnasema bibi ana mambo ya kizamani. Sawa, ninayo. Weka hiyo simu chini kidogo nikusimulie.

Bariadi ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Soko huria lilikuwa limeingia: pamba inanunuliwa na kila mwenye mzani na lori, vyuo vya watu binafsi vinafunguliwa, na pale mtaa wa Somanda mtu mmoja akafungua chumba cha intaneti chenye kompyuta nne, na jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa nimepata nafasi ya uuguzi katika chuo kimoja cha Mwanza. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ndugu zake walikuwa wamekwishagawana ng'ombe waliowakuta zizini. Mama aliachiwa ng'ombe mmoja wa maziwa na maneno mengi ya pole.

Lakini sisi Wasukuma, unatujua, mtu mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote zizi moja. Wengine huwaweka kwa rafiki wa mbali, ugonjwa ukija usiwamalize wote, na majirani wasijue anao wangapi. Baba alikuwa na rafiki yake kule kijiji cha Nyashimo. Matanga yalipoisha, mzee yule alikuja kimyakimya akamwambia mama, "Mumeo aliniachia ng'ombe, akasema ni wa shule ya binti. Nikufanyieje?" Mama akamwomba awauze. Fedha ikaenda benki, na mama akafunga mdomo.

Baba mdogo alinusa. Sijui nani alimdokeza. Akaanza kuja nyumbani kila jioni, anakunywa maziwa yetu, anauliza ada imetoka wapi. Angeona salio la mama siku moja tu, angeita kikao cha ukoo, fedha ile ingegawanywa kama walivyogawanywa ng'ombe, na mimi ningebaki kulima pamba. Hakuwa mtu mbaya sana, nisimsingizie. Alikuwa mtu anayeamini kwamba cha kaka yake ni chake.

Sasa chuo kikaleta habari: risiti ya ada tuliyotuma kwa basi haijafika. Tutume steitimenti ya benki kwa barua pepe kabla ofisi haijafungwa siku hiyo, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine. Walichotaka ni mstari mmoja tu, ule unaoonyesha ada imeingia kwenye akaunti ya chuo. Na karani aliyekuwa akipokea barua hizo Mwanza alikuwa mkwe wa baba mdogo, amemwoa binti yake mkubwa. Mama alilijua hilo. Akachukua steitimenti, tukashika njia ya mjini.

Kijana wa pale kwenye intaneti aliitwa Deus, mtanashati, mwenye haraka. Aliiskani karatasi, ikatokea yote kwenye kioo cha kompyuta: jina la mama, namba ya akaunti, kila fedha iliyoingia na iliyotoka, na salio pale chini. Mama akamwonyesha kwa kidole vya kuficha. Deus akachora viboksi vyeusi juu yake, kimoja baada ya kingine, tii.

"Haviwezi kutoka hivyo?" mama akauliza.

"Mama, hapo imeisha. Haoni mtu."

Nilimgusa mama kiwiko. Saa ya ukutani ilikuwa inatukimbia na niliona anatuaibisha kwa maswali ya kishamba.

"Mwadila, shemeji."

Nilijua sauti kabla sijageuka. Baba mdogo alikuwa mlangoni, vumbi la baiskeli hadi magotini. Alikuwa ametufuata. Mama akaitikia salamu hiyo ya Kisukuma kwa adabu yote bila kuinuka. Yeye akapita, akaja kusimama nyuma ya kiti cha Deus, mikono mgongoni.

"Mnatuma nini?"

"Karatasi ya chuo," mama akasema.

Akainama kwenye kioo. Kusoma alijua, tena vizuri. Alisoma jina la mama, akasoma mstari wa ada, akaweka kidole penye weusi. "Na hapa kuna nini, kijana?"

Deus hakuwa na habari na ugomvi wetu. Aliona mzee ameuliza, akataka kumfurahisha. "Hiki ni kifuniko tu, mzee. Nikikibofya nakivuta pembeni, hivi..." Mkono wake ukashika mausi. Nilikiona kiboksi kile kimepigwa mstari pembeni, tayari kusogea.

Mama aliinuka. Hakukimbia, hakupayuka. Alisimama katikati ya baba mdogo na kioo, mgongo wake ukiwa karibu kugusa kompyuta, akasema, "Deus, funga hiyo. Hela ya kukulipa ni yangu." Kisha akamtazama shemejiye usoni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Shemeji, karatasi ina jina langu."

Walitazamana. Deus akafunga. Baba mdogo akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni, akasema ataisoma tu, kama si hapa basi Mwanza. Akatoka.

Hapo ndipo mama alipokaa. "Ulisema haoni mtu," akamwambia Deus. Hakumfokea.

"Mama, sikufikiria kama mtu atakivuta."

"Yeye amefikiria."

Zilikuwa zimebaki dakika chache. Nilianza kulia, nikasema tutume hivyohivyo, nafasi inapotea. Mama akanitazama mpaka nikanyamaza, akanituma duka la jirani nikanunue wembe. Akamwambia Deus atoe fotokopi ya ile steitimenti. Akaiweka juu ya meza, akakata kwa wembe: namba ya akaunti ikatoka, salio likatoka, mistari yote ikatoka isipokuwa ule wa ada. Karatasi iliyobaki ilikuwa matobo matupu. Deus akaiweka juu ya karatasi nyeupe, akaiskani upya, na ile ya kwanza mama akamsimamia hadi akaifuta kwenye kompyuta. Ikaenda kabla ofisi haijafungwa, huku jenereta ikikohoa.

Wiki ya pili nikiwa chuoni niliitwa ofisini. Baba mdogo alikuwa ameketi kando ya mkwe wake, kofia magotini, amesafiri kutwa nzima kwa basi. Barua pepe ya mama ilikuwa wazi kwenye kioo. Mkwe wake alikuwa anabofya huku na huku, jasho linamtoka.

"Mbona mama yako ametuma karatasi yenye matobo?" baba mdogo akaniuliza. "Chini yake kuna nini?"

"Chini yake hakuna kitu, baba mdogo."

Baba mdogo akavaa kofia, akaniuliza kama nakula vizuri, akaenda kutafuta basi.

Sasa nisikilize. Karatasi ya fedha zako usiitume nzima kwa sababu tu wameiomba. Uliza wanataka kuona nini, uwape hicho, wala usione haya kuuliza mara mbili. Kisichowahusu, kitoe, usikifunike. Ile rangi nyeusi mnayochora kwa kidole kwenye simu, mwenye nia anaongeza mwanga na namba zinasomeka. Ziba kwa karatasi kabla ya kupiga picha, au kata kabisa. Halafu kabla hujatuma, ifungue mwenyewe kwa jicho la mtu anayekuchimba, uivute, uibofye, uone. Na umjue anayeipokea upande wa pili, hata kama ofisi ina jina zuri. Haraka ya saa isikutie upofu; nafasi yangu mimi niliipata kwa sababu mama alikubali hata kuhatarisha kuchelewa.

Mungu akupe riziki ya halali, mwanangu, akupe na moyo wa kuilinda bila kumchukia ndugu. Na siku mtu atakaposimama nyuma ya kiti chako, akujalie miguu ya kusimama.