Kinu cha Bibi wa Mtendeni

Asubuhi moja nilimrudishia msimamizi ufunguo wa nyumba ya sanaa, nikapanda treni pale Tabora bila kujua nitashuka wapi. Nilikuwa msaidizi wake, nikitunza vyombo tulivyoazimwa na wenyeji. Bibi mmoja wa Mtendeni alituletea kinu cha mama yake, na kila Ijumaa alikuja kukipaka mafuta ya karanga kisipasuke. Miguu ilipomshinda, kazi hiyo akaniachia mimi.

“Lakini wewe nawe hutulii, mjukuu wangu,” alisema. “Ukiondoka usiniage. Niache nidhani bado unakipaka.”

Sikumuaga. Nilishuka Tura, nikapata chumba kwa mama mmoja aliyekuwa akitwanga uani. Nilikaa mlangoni nikimsikiliza. Ilikuwa Ijumaa, na mikono yangu haikunukia karanga.