Mirunda Sebuleni kwa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na mmoja, na nyumba yake ya vyumba vitatu aliijenga kwa mshahara huo huo, tofali kwa tofali. Alipostaafu aliishi humo na mdogo wake, mshonaji wa nguo, mwanamke asiyeishiwa maneno. Siku walipouona ufa juu ya mlango wa sebule, mwembamba kama uzi, ni huyo mdogo mtu aliyesema, "Dada, tuuzibe mapema. Kujenga ukuta hatuwezi."

Wakampata mkandarasi aliyesifiwa mtaani. Shati jeupe, kalamu sikioni, sauti ya upole. Kila alichoulizwa alijibu, "Usijali, mama," hata wakambatiza Usijali. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena. Kisha akanyamaza. Shangazi alikijua kimya cha namna hiyo. Yeye mwenyewe alishawahi kukaa nacho mbele ya wazazi waliokuwa wakingoja habari.

"Ufa huu ni dalili tu, mama," Usijali alisema. "Ugonjwa uko juu. Boriti imechoka."

Bei aliyoitaja ingenunua kiwanja. Shangazi alishika kiuno. Lakini utabishana vipi na mtu anayekuambia unaishi chini ya kitu kilichochoka? Alitoa nusu kutoka kwenye kiinua mgongo chake.

Kesho yake vibarua wawili walipanda darini, wakakaa huko hadi adhuhuri, na msumeno ukasikika. Waliposhuka walisimamisha mirunda minne katikati ya sebule, ile miti mirefu ya kushikilia dari, wakaikaza kwa kabari.

"Isiguswe," Usijali aliagiza. "Nikipata vifaa nabadilisha boriti."

Wiki tatu hakuonekana. Shangazi na mdogo wake wakazoea kupita ubavu ubavu kati ya miti. Mdogo mtu alitundika mkoba wake kwenye mrunda mmoja, akasema hatimaye amepata mume asiyejibu. Walicheka siku hiyo.

Kisha dari ikaanza kusema. Mchana, jua likiwa kali, kitu kilitoa mlio mfupi juu yao, ta! Halafu kimya. Vumbi jembamba likatua kwenye kitambaa cha meza. Wakaacha kukaa sebuleni. Wakaacha kubamiza milango. Hata kukohoa, walienda kukoholea jikoni.

Usijali aliporudi hakuleta boriti. Alileta mirunda miwili zaidi na bei mpya.

"Lakini kazi yenyewe hujaianza!" Shangazi alisema.

"Ndiyo maana imepanda, mama. Usijali."

Muda si mrefu mlango wa chumbani ukagoma kufunga. Shangazi akamwita seremala wa mtaa wa pili, mzee mnene mwenye pumzi fupi, aje aupige randa. Mzee aliupima huku na huku, akatikisa kichwa.

"Mlango hauna kosa, dada. Fremu ndiyo imelala upande. Huko juu kuna nini?"

Aliomba ngazi, akapanda akipumzika kila kipago. Hakukaa sana. Alishuka amefumba ngumi, akaifungua juu ya meza: unga wa msumeno, mweupe, bado unanukia mbao.

"Boriti yako ilikuwa ngumu kama chuma," alisema. "Imekatwa, tena zaidi ya nusu. Ule ufa wako ulikuwa wa lipu tu. Ila sasa hii mirunda ndiyo inayowashikilia kweli."

Shangazi alikaa chini. Alituambia baadaye kwamba fedha hazikumjia akilini. Alikumbuka tu kuwa aliwapelekea wale vibarua chai wakiwa huko juu, nao wakamshukuru.

Alimpigia Usijali simu, akamwambia anajua.

"Sawa, mama. Mirunda ni yangu. Kesho nakuja kuichukua."

Alikuja saa nne asubuhi na vibarua wale wale, nyundo mkononi. Walimkuta Shangazi kwenye kiti, katikati ya ile miti sita, mikono mapajani. Mdogo wake alikuwa ameshaita majirani, wamejaa dirishani.

"Mama, toka hapo, utaumia."

"Toa," Shangazi alisema. "Anza na huu ulio karibu na kichwa changu. Watu wanaona."

Kibarua mmoja aliweka nyundo chini. Usijali alitabasamu, akapangusa vumbi kwenye shati lake, akaitazama dari kwa muda kama mtu anayesoma saa. "Nitangoja," akasema, akaondoka.

Seremala alifanya kazi siku tano, akalaza boriti mpya mbili ubavuni mwa ile iliyokatwa. Mirunda ikatolewa, ikapangwa nje ya uzio. Polisi waliandika maelezo, lakini simu ya Usijali haikupatikana tena. Asubuhi moja mirunda nayo haikuwepo, na hakuna jirani aliyesikia gari.

Nyumba imesimama, milango inafunga. Lakini nikienda kuwasalimia tunabanana jikoni, magoti yanagongana, na sebule iko tupu. Juzi nilimuuliza Shangazi kwa nini, ilhali seremala ni mtu mwema.

"Ni mwema sana," alijibu, akinimiminia chai. "Lakini huko juu na yeye alipanda peke yake."