Ukuta wa Masista

Nalangu amejenga nyumba sita kwa mikono yake, za fito, udongo na mavi ya ng'ombe, kama wanawake wote wa ukoo wake kule Kisaju. Akiwa na miaka hamsini na saba akaenda kubeba karai kwenye mjengo wa watu. Hakusukumwa na njaa. Alitaka kumwona bintiye.

Seleyian aliingia monasteri ya Kitengela miaka kumi na mmoja iliyopita. Masista wa pale hawatoki. Wanaamka saa tisa usiku kusali, wanashona mavazi ya mapadre, wanakula kimya mmoja akisoma kwa sauti. Jamaa huja mara nne kwa mwaka kuongea na mtu wao kupitia nondo za dirisha. Lakini safari tatu zilizopita, Mama Mkuu alikuja dirishani peke yake. "Hajambo, anakuombea." Mama gani anashiba salamu?

Masista walipofika miaka ya themanini, majirani wao walikuwa nyumbu na pundamilia. Sasa mwenye ploti ya pili amepandisha fleti ya orofa tano, na wapangaji wanaanika nguo huku wakiwatazama masista wakipalilia sukuma. Ikabidi ukuta uongezwe mistari sita ya mawe. Na sheria ya ndani ni hii: mzazi haingii, fundi anaingia. Sheria hiyo haikuandikwa na mtu aliyewahi kuzaa. Nalangu alipoisikia, alivua shanga zake, akafunga kitambaa kichwani, akamtafuta Mureithi, msimamizi wa mafundi.

"Shosho, hii si kazi ya manyatta," Mureithi akacheka. "Hapa ni mawe na simiti."

"Wewe nipatie karai. Nikishindwa, nifukuze saa sita."

Saa sita ilipofika, vijana wawili walikuwa wamekaa chini wakihema. Nalangu alikuwa akiuliza simiti iko wapi.

Kila mafundi walipopita bustanini, Sista Nzisa, mzee mwenye magoti mabovu, aliwatangulia akipiga kengele ndogo ili wenzake wajifiche. Siku ya nne, mmoja hakujificha. Alikuwa kwenye kiti nje ya chumba cha wagonjwa, miguu imevimba, uso umebaki mifupa. Hakuweza kusimama.

Nalangu alitua karai, akamsalimu kwa Kimaasai. "Takwenya, Seleyian."

"Iko, yeyo." Sauti iliyomwita mama ilikuwa ndogo. "Nani amekuruhusu?"

"Simiti. Kwa nini walikuficha?"

"Ni mimi niliyewaomba wasikuambie. Ni figo. Walinipeleka hospitali, daktari akataka niwekwe kwenye mashine mara mbili kila wiki, maisha yangu yote. Nikakataa. Nilikuja hapa kukaa, yeyo, si kushinda barabarani."

"Nitakubeba. Nimebeba mawe siku nne, wewe ni mwepesi kuliko karai."

"Ukinibeba, nitarudi nikitambaa."

Nalangu alisimama mikono ikimning'inia. Lango lilikuwa hatua arubaini tu, wazi, gari la mchanga likiingia. Angeweza. Sista Nzisa alikuwa ameshaelewa. Akawapa mgongo, akaendelea kupiga kengele bila kwenda popote. Ndipo Seleyian akainamisha kichwa, kama mtoto anavyomwinamia mzazi ili aguswe utosini, salamu ya kwao. Nalangu akapangusa mkono wenye simiti kwa leso, akaweka kiganja juu ya shela.

"Shosho! Fundi anangojea!" Mureithi akaita kutoka ukutani.

Akainua karai.

Siku nne zilizofuata kiti kilitolewa nje kila asubuhi. Hawakusema neno tena. Nalangu alipita akipandisha ule ukuta, jiwe kwa jiwe.

Siku ya tisa kiti hakikutolewa. Sista Nzisa alikuja bila kengele, macho mekundu, akamwambia Mureithi asimamishe kazi. Walihitaji vibarua wawili wa kuchimba kaburi, ndani, kabla ya jioni. Kisha akamnong'oneza jambo la pili, akimtazama Nalangu.

Mureithi alivua kofia. "Mama, pole. Sikujua. Enda nyumbani. Kesho watakuita kanisani."

"Kanisani nitakaa upande gani?"

"Wa nje. Nyuma ya nondo."

"Na kaburini?"

"Jamaa hawafiki, mama."

"Na wachimbaji?"

Mureithi alitazama sululu zilizoegemezwa ukutani. "Hao wanaingia."

"Basi niandike," akasema Nalangu, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye sululu.