Niliita lag Bila Kutaja Nyumba Yake

Sogea karibu, rafiki, nikueleze polepole, maana polepole ndiyo sifa yangu. Nilikosa. Tena nilikosa kwa upole mwingi!

Kila Jumamosi nafundisha vijana lugha ya kompyuta iitwayo R hapa mtaani Section 58, bure. Naliaka, mwanafunzi wa chuo kutoka mtaa wa Rhonda, aliniletea mradi wake wa mwisho: maziwa ya leo yanatofautianaje na ya jana, ng'ombe wakibadilishiwa chakula. Mradi ukikataliwa, hahitimu mwaka huu.

Kazi hiyo ni ya lag, amri ya dplyr, kifurushi cha amri za ziada, inayoleta namba ya jana kando ya leo. Nikaangalia orodha ya vifurushi vilivyowekwa kwenye kompyuta. Dplyr kipo! Nikatulia. Kukiwasha, sikukiwasha.

Nikaandika lag peke yake, nikatoa jana kutoka kwa leo; majibu yakatoka sifuri tupu, juu hadi chini.

"Mwalimu, zote sifuri? Kwani hawa ng'ombe ni mfereji, maziwa yasibadilike?"

"Naliaka," nikamwambia kwa ile sauti yangu ya kutia moyo, "data haibembelezwi. Sifuri pia ni jibu."

Nikamweleza, nikamweleza, hadi akaacha kuuliza. Kipaji hicho!

Siku ya kutetea mradi, mtahini mmoja alimwuliza, "Binti, umewahi kukama?" Wakaukataa mradi, wakamrudisha. Mama yake alikuwa ameshamshonea rinda la mahafali.

Naliaka hakunitaja. Laiti angenitaja!

Nilipoipitia kazi upya ndipo nikaona. Simama katikati ya ploti ya kupanga yenye kina Mama Brayo wawili, uite "Mama Brayo!" Ataitika aliye karibu, si lazima yule unayemtaka. R ni vivyo hivyo. Kuna lag nyingine ndani ya stats, kifurushi ambacho R hukiwasha yenyewe. Hiyo ndiyo iliyoitika, na namba za kawaida kama zetu haizisogezi hata kidogo. Mimi, mtaalamu, nilikuwa natoa leo kutoka kwa leo!

Nikampigia. "Niaje, Naliaka?"

"Poa, Mwalimu. Ama kuna kitu unataka kunieleza?"

Akakata. Jumamosi kiti chake kiko wazi, na mwaka anaurudia.

Usiwe mimi. Mwanafunzi akishangaa, funga mdomo kwanza. Andika find("lag") usome ni kifurushi gani kitaitika, halafu iite kwa nyumba yake: dplyr::lag.