Mume wa Mama Roketi

Mtaani walimwita Wembe, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake, na wateja hawakukubaliana kipi kati ya hivyo viwili kilikuwa kikali zaidi. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili: kimoja kizima, na kingine kilichogoma kupanda tangu zamani, ambacho wateja wageni walikalishwa bila kuambiwa. Mahali ambapo vinyozi wenzake hutundika picha za mitindo ya nywele, yeye alitundika picha moja tu. Ilikuwa ya mke wake, amevaa suti ya kwenda anga za juu, kofia ameibana kwapani, anacheka meno nje.

Mke huyo ndiye aliyekuwa na jina. Aliruka mara tatu, akatembea nje ya chombo huku dunia ikizunguka chini ya miguu yake, na mtaa mzima ukambatiza Mama Roketi. Wembe akabaki kuwa mume wa Mama Roketi, cheo ambacho hakina mshahara lakini kina maswali.

"Mzee, mama alipokuwa kule juu miezi yote ile, ulikuwa unakula nini?" mteja angeuliza.

"Wivu," Wembe angejibu, huku akimgeuza kichwa. "Nashushia na chai."

Uongo mtupu. Wivu hakuwa nao hata chembe. Alichokuwa nacho ni hofu, na aliifungia ndani ya utani, kama walivyo watu wengi wenye ulimi mkali. Kila mke wake aliporuka, yeye alinyoa vichwa kutwa nzima roho ikiwa juu juu, na wateja wakaondoka wanacheka. Alimpenda mwanamke yule kupita kiasi. Na tuliseme hapa waziwazi, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulisema bila kulitia mzaha.

Kilichomchekesha zaidi ni vikombe. Mtu akikaa kule juu, ambako vitu havina uzito, huzoea kuachia kitu hewani na kukikuta palepale. Mama Roketi aliporudi safari ya kwanza, alikuwa anakunywa chai simu ikaita. Akakiachia kikombe hewani, akapokea simu, akaendelea kuongea huku miguu imelowa chapachapa. Wembe alicheka mpaka akakaa chini. Safari ya pili alijiandaa: alinunua vikombe vya plastiki, na vile vya udongo akavificha mpaka mke alipoizoea dunia tena.

Baadaye Mama Roketi akastaafu, nyumba ikatulia. Wembe akaanza kulalamikia magoti, mkewe akavaa miwani, na binti yao, aliyeolewa mji mwingine, akawa anapiga simu kila jioni kuuliza kama wamekunywa dawa, kwa sauti ileile waliyokuwa wakimuulizia yeye kama amepiga mswaki. Wembe alidhani yamekwisha. Alidhani sasa mke ni wake, na anga imeshachukua fungu lake.

Ndipo kituo cha anga kikamwita tena Mama Roketi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Hakikumwita licha ya uzee wake. Kilimwita kwa ajili ya uzee wenyewe.

"Wanataka kwenda Mirihi," alimweleza mumewe jikoni, "na baadaye mbali zaidi. Safari zenyewe ni za miaka. Kijana atakayepanda leo atakomaa njiani, na wengine watazeekea humohumo. Sasa hawajui mwili wa mzee unafanyaje kule. Mifupa, macho, moyo. Wanatafuta wazee waliowahi kuruka, wakakae mwaka mzima kwenye kituo kinachozunguka mwezi."

"Kwa hiyo wewe ni panya wao wa maabara."

"Mimi ni mwalimu wao. Wale vijana kuruka wanajua. Kuzeeka ndiyo hawajui."

Mwaka mzima si mchezo kwa watu wa umri wao. Lakini Wembe aliuona uso wa mkewe, akasema hewala, akaenda saluni na siku ile akamkata mteja sikio kidogo.

Mazoezi yakaanza. Gari la kituo lilimchukua alfajiri, naye akashinda ndani ya bwawa lenye kina kirefu, amevaa suti nzito, maji yakimbeba ili azoee tena kuelea. Jioni alirudi vidole vimekunjamana kwa maji na macho yanang'aa. Wembe alimpunguza nywele zikae vizuri ndani ya kofia, kwa mkasi, polepole kuliko ilivyohitajika. Hakuwa amemwona amechangamka hivyo kwa miaka mingi. Hilo lilimfurahisha, na hilohilo likamkata maini.

Asubuhi moja Wembe yuko jikoni anachemsha maji, akasikia kishindo chumbani. Alimkuta mkewe sakafuni kifudifudi, mdomo umechanika kidogo, mkono mmoja umelaliwa na kifua.

"Nimeteleza," mke akasema.

Sakafu ilikuwa kavu. Wembe hakubisha. Alimwinua, magoti yake mwenyewe yakilia kuliko mgonjwa, akamketisha kitandani, akamfuta damu kwa taulo la saluni.

"Usimwambie daktari. Wakisikia bibi kizee ameanguka chumbani, safari imekufa."

"Sawa."

"Niahidi, mzee wangu."

"Nimekuahidi."

Kuahidi kulikuwa rahisi kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu. Ila kituo kile kina utaratibu wake wa siku nyingi. Siku ya mwisho ya vipimo huita mtu wa nyumbani. Mashine zinapima damu na mifupa, lakini anayejua jinsi mtu anavyokwenda chooni gizani ni yule anayelala naye. Wembe akapigiwa simu. Alivaa koti lake la harusi, ambalo sasa lilifungwa kifungo kimoja tu, akaenda.

Njia nzima alibanwa na mawazo. Akisema kweli, mke anabaki, na kubaki kwa mke ndicho alichokitaka kuliko kitu chochote chini ya jua. Akinyamaza, mke anaondoka, na kizunguzungu kikimkuta kule juu, nje ya kituo, kwenye giza lile lisilo na pa kushika, atakayekuwa amemuua ni mumewe. Ingekuwa afadhali kama ukweli ungemuumiza. Ubaya ni kwamba ukweli ulimfaa yeye, na kwa hiyo hakujiamini nao.

Daktari alikuwa kijana wa rika la wajukuu, amenyolewa vibaya nyuma ya sikio, jambo ambalo Wembe aliliona kabla hajaketi.

"Shikamoo, mzee. Mama anaendeleaje nyumbani? Anapata kizunguzungu? Ameanguka siku za karibuni?"

Wembe alitazama viganja vyake.

"Kabla sijakujibu, daktari, nikwambie kitu. Mimi sitaki aende. Nataka abaki nyumbani anigombeze. Kwa hiyo ukinisikia nasema neno la kumzuia, lipime mara mbili, maana nina faida nalo."

Daktari akaweka kalamu chini.

"Ameanguka," Wembe akasema. "Chumbani. Aliniapisha nisiseme. Sasa mwite, lakini ukae karibu, usije ukanikuta maiti."

Mama Roketi aliingia, akamtazama mumewe mara moja tu.

"Umesema."

"Nimesema."

Akaketi, uso ameugeuzia upande wa daktari, na Wembe akaona bora angemtukana.

"Mama, ilikuwaje?" daktari akauliza.

Mama Roketi akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo ingawa ilikuwa safi.

"Sikuteleza. Nilikuwa nimetoka kuota niko kule. Nikaamka, ila si sana. Nikataka kutoka chumbani, nikakanyaga ukuta kwa mguu, nikajisukuma nielee mpaka mlangoni, kama tunavyofanya."

"Halafu?"

"Halafu nikaelea mpaka sakafuni."

Daktari alijikaza, akashindwa, akacheka amefunika mdomo. Hata hivyo alikuwa daktari. Alimpeleka chumba cha pili, wakamsimamisha juu ya bamba linaloyumba, wakamzungusha kwenye kiti, wakamchungulia masikio. Daktari aliporudi naye alikuwa ametulia.

"Hana ugonjwa wa kuanguka," akasema. "Wanaorudi huwa wanafanya hivyo wiki za kwanza. Yeye amefanya kabla ya kwenda." Akatoka kufuata karatasi ya safari, ya kutia saini.

Wakabaki wawili. Wembe alijiona mpumbavu. Vikombe vyote vile, na bado hakuwaza.

"Mbona hukuniambia?" akauliza. "Ningecheka tu, yakaisha."

"Daktari nilimtaja kama kisingizio tu. Niliyekuwa namficha ni wewe." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ungejua mwili umeshaondoka, na mimi bado nalala pembeni yako."

Wembe alitafuta utani. Alitafuta kila mahali alipozoea kuuweka, hakuupata. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza.

Daktari akarudi na karatasi na kalamu. Mama Roketi akaishika kalamu, lakini hakuandika.

"Kijana wangu, umemwita huyu umuulize kama mimi naanguka. Na yeye akianguka, nani atamwinua? Kuna aliyeliuliza hilo hapa kituoni?"

Daktari akaanza kupekua karatasi zake.

"Binti yupo," Wembe akasema.

"Binti yuko mji mwingine."

"Majirani."

"Majirani wanauogopa ulimi wako." Akaweka kalamu mezani, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akamgeukia mumewe vizuri. "Sema nibaki. Nitabaki, na sitakulaumu maisha yangu yote."

Hapo sasa. Alichokuwa anakitamani kimewekwa mbele yake juu ya meza, hana haja hata ya kunyoosha mkono. Neno lenyewe ni moja, na alikuwa nalo mdomoni tayari. Wembe akamtazama mwanamke yule wa miaka sitini na tisa, mwenye kovu bichi mdomoni kwa sababu ya kutaka kuruka, na akahisi anampenda kuliko siku alipomuoa.

"Nenda," akasema. "Mimi sitaanguka mpaka urudi."

Hiyo si ahadi ambayo binadamu anaweza kuitoa, na wote wawili walijua, tena imetoka kwa mtu aliyevunja ahadi nyingine asubuhi ileile. Mama Roketi alimshika mkono, akaubana kwa nguvu, na kwa mkono wa pili akaokota kalamu akatia saini.