Maji Waliyokunywa Wangoni

Nilifika Masasi kutoka Songea kwa basi lililoondoka kabla ya alfajiri. Tunduru tulikula wali tumesimama, dereva akipiga honi. Baadaye ikaja mikorosho, kisha milima ya mawe ya Masasi. Nilikuwa na begi moja na kompyuta mpakato. Nilishawahi kuishi Mbeya na Njombe, na hata Songea nilikozaliwa nilishindwa kukaa. Hapa nilijipa msimu mmoja tu wa korosho.

Nikapata meza kwenye duka la kutengeneza simu karibu na stendi. Elimu yangu ni kidato cha nne. Kuandika programu nilijifunza mwenyewe kidogo kidogo. Siku moja mwalimu wa hisabati kutoka Newala aliniletea kompyuta iliyogoma kuwaka. Ilipowaka, nikaona programu ambayo hajaimaliza, nikamuuliza ni ya nini.

"Ya maji," alisema.

Kwao, juu ya uwanda wa Wamakonde, maji ya bomba huja kwa zamu, na zamu hubadilika pampu ikisumbua. Alitaka kila mtaa upate ujumbe wa simu: leo maji yapo, au hayapo. Mama yake aliishi peke yake mtaa wa mwisho, na magoti yake yalikuwa mabovu. Zamu ikimpita, alishuka bondeni mpaka chemchemi, akapanda na ndoo kichwani.

"Wewe kabila gani?" aliniuliza.

"Mngoni."

Alicheka mpaka mwenye duka akageuka. "Basi utanisaidia bure! Babu zenu ndio waliotufukuza tukakimbilia juu kusiko na maji."

"Nani aliwafukuza? Mliona vumbi tu mkaanza kukimbia."

Tangu hapo tukaitana mtani.

Mwanzoni tulitumiana kazi kwa flashi, tukimpa kondakta wa basi. Mimi narekebisha Masasi, yeye anarekebisha Newala, na hakuna anayejua nakala ipi ndiyo sahihi. Nikamwonyesha njia nyingine. Programu yote, pamoja na jedwali la zamu, inawekwa mahali pamoja mtandaoni. Kila mmoja anafanya kazi kwenye tawi lake, yaani nakala yake ya pembeni, bila kugusa shina linalotuma ujumbe, na akimaliza anaunganisha tawi na shina. Kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya na maelezo mafupi. Mahali hapo tulipaita ghalani.

Maelezo hayo ndiyo yalikuwa starehe yetu. Yeye aliandika, "Nimerekebisha saa. Wangoni hamjui kusoma saa." Nikajibu kwenye badiliko langu, "Nimeongeza mtaa. Mmakonde alisahau kwao." Asubuhi nilifungua ghala kabla ya chai, nione nimetukanwaje.

Kisha akawa anajaribu kitu kwenye tawi lake. Mahali pa ujumbe wa kweli aliweka maneno ya majaribio: "Leo maji hakuna. Wangoni wameyanywa yote." Mtandao unakatika, darasa linamngoja, akaunganisha tawi hilo akidhani ni lile lililokwisha kamilika. Simu za mitaa yote zikalia.

Wengi walicheka, wakafungua bomba, wakakinga maji. Mama yake alisoma "maji hakuna", akachukua ndoo akashuka bondeni. Wakati wa kupanda goti likamgomea, majirani wakamrudisha kwa bodaboda. Alikuta bomba la uani limetoa maji na kukauka.

Mwalimu alinipigia. "Mtani, futa. Futa ghala lote."

"Hatufuti. Tunatengua."

Nilimweleza: tunaongeza badiliko jipya linaloondoa lile baya kwenye kazi. Lenyewe linabaki kwenye historia, ili anayekuja ajue kilichotokea. Hakutaka kusikia. Alisema hagusi tena programu ile. Mama yake amevumilia bonde miaka yote, ataendelea.

Jumamosi nikapanda Newala. Mama alikuwa mkekani, mguu mmoja ameunyoosha, goti limefungwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye huyu Mngoni?"

"Ndiye," mwalimu alijibu bila kuinua macho.

Mama akanikagua tumbo. "Mbona mwembamba hivi? Maji yetu yote umeyaweka wapi?"

Mwalimu alicheka, na kicheko kikageuka kilio. Mama akakivuta kichwa chake, akakilaza kwenye paja la ule mguu mzima. Kisha akanionyesha ndoo kwa kidevu.

Nilishuka bondeni. Kule chemchemini wanawake walinizomea, nikapanda na ndoo begani, nusu ikiishia kwenye shati langu. Niliporudi, kompyuta ilikuwa wazi mkekani na ujumbe ule ulikuwa umetenguliwa. Maelezo yalisema: "Kosa langu. Mngoni analipa." Siku hiyo hiyo tukaweka sharti: hakuna kuunganisha kazi yako mwenyewe. Mwenzako asome kwanza, akubali.

Nikakaa Masasi muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa popote. Jumamosi nyingi nilikula ugali wa muhogo kwenye mkeka ule, nikizomewa kwa kula kidogo. Lakini miguu yangu naijua. Ilipoanza kuniwasha kwa hamu ya safari, nilimwambia mwalimu.

Aliuliza jambo moja tu. "Nani atasoma kazi yangu?"

"Mimi. Popote penye mtandao."

"Haya," alisema. Hakunitania, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku ya kuondoka, basi liliposimama Mangaka, simu yangu ikalia: badiliko jipya la mwalimu lilikuwa ghalani, likingoja nilisome. Pampu ilikuwa imesumbua, na zamu ya mtaa wa mwisho ilihamia siku hiyo mchana. Maelezo yake yalisema: "Mtani, soma vizuri. Mama ameshaweka ndoo uani."

Abiria walikuwa wakigombea mihogo ya kukaanga dirishani. Nilisoma mstari kwa mstari, nikarudia, nikakubali. Nikaandika, "Ni sawa. Mwambie mama sijanywa hata tone."

Basi likaondoka, na mtandao ukakatika mpaka Tunduru. Uliporudi, kulikuwa na picha moja: ndoo zimejaa mpaka ukingoni, na pembeni yake mguu wa mama, umenyooshwa juani.