Kuku wa Mzee Masanja

Aibu hii niliitafuta mwenyewe, kwa kujifanya najua kila kitu. Mimi ni dresa wa dispensari hapa Shinyanga, mtu wa Tabora, na huku nina mwaka mmoja tu.

Mzee Masanja aliteleza kisimani akaangukia kiganja, na kifundo cha mkono kikavunjika na kupinda kwa nyuma. Anayeangukia mgongo wa mkono hupinda kwa ndani, nikawaeleza wagonjwa waliokaa kwenye benchi, ingawa hakuna aliyeniuliza. Nikauvuta mkono hadi ukanyooka, nikaufunga kwa vibao na bendeji.

Alikuwa amekuja na kuku aliyefungwa vijiti mguuni. "Huyu naye akae kwako mpaka siku ya kunifungua," akasema. Nikampokea kwa mikono miwili, nikashukuru sana. Vijiti nilidhani ni vya kumzuia asikimbie. Mke wangu aliponiambia kwamba mguu wa kuku umevunjika, nikamjibu kuwa uliumia njiani, safari ilikuwa ndefu.

Baada ya wiki sita nikafungua vibao mbele ya watu. Mkono ulikuwa umenyooka kabisa.

"Kunja vidole, mzee wangu."

Akaukumbatia mkono kifuani. "Kwanza nimwone kuku akitembea. Mganga wa mifupa kule kwetu alimvunja mguu siku niliyovunjika, akamfunga kama mimi. Akipona yeye, nami nimepona. Yuko wapi?"

Benchi zima likanigeukia. Mke wangu, aliyeniletea chai, akauliza kwa upole pale mlangoni:

"Baba Zuhura, si yule tuliyemla Idi?"